NILIVYOCHEMSHA SIKU TATU SANJE: VIJANA WA KOMPYUTA, MATANGO PORI NA HELA YA SHANGAZI

Leo sina stori ya nani kaachana na nani wala gari la nani limeonekana limepaki wapi Masaki. Hiyo tutarudi nayo. Leo nataka niwape stori yangu mwenyewe, na ndani yake mimi ndiye mkosaji, kwa hiyo mkinisema mniseme taratibu.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu inayonilisha siyo haya ya kuandika. Mimi ni mtu wa kuandika programu za kompyuta. Na nyumbani kwetu ni Sanje, pale chini ya milima ya Udzungwa, ukitoka Kidatu kuelekea Ifakara. Watalii wanapajua kwa ajili ya maporomoko, yale ya mita 170 na ushee. Sisi wenyeji tunapajua kwa miwa na mpunga.

Sasa bwana, miaka kadhaa nyuma chama kimoja cha wakulima wa miwa huku bondeni (jina kapuni) kiliniomba niwatengenezee programu ya malipo. Kabla ya hapo walikuwa na daftari kubwa na kikokotoo. Mkulima wa nje akipeleka miwa kiwandani inapimwa uzito, inapimwa na sukrosi, yaani utamu wake, halafu kwenye hela yake yanatolewa makato: kukata, kupakia, usafiri, na kama alikopa mbolea, deni la mbolea. Nikaona hii kazi ndogo. Nikakaa na karani nusu saa, nikaandika kwenye simu yangu sheria kama kumi hivi, nikarudi Dar. Mojawapo ya sheria hizo ilisema: "Deni la mbolea linakatwa kwenye malipo ya kwanza." Ishikeni hiyo sentensi.

Nikaandika programu. Nikaandika na majaribio yake, kwa sababu mimi siyo mtu wa kubahatisha. Majaribio yote yakapita, kijani mwanzo mwisho. Nikalipwa, nikapigiwa makofi kwenye mkutano mkuu, mzee mmoja akanipa na jogoo.

Shangazi yangu ni mwanachama wa chama hicho. Ana mashamba mawili ya miwa, moja karibu na mto, lingine juu kidogo kuelekea mlimani, na kila shamba lina namba yake. Msimu ule alikuwa amekopa mbolea ya shilingi 180,000. Shamba la mtoni likavunwa mwezi wa sita, akakatwa 180,000. Shamba la mlimani likavunwa mwezi wa tisa. Akakatwa 180,000 tena.

Mmeshaelewa? Kwa karani, "malipo ya kwanza" ni malipo ya kwanza ya mkulima kwa msimu huo. Kwangu mimi niliyekuwa Dar na laptopu yangu na kahawa yangu, ni malipo ya kwanza ya kila namba ya shamba. Majaribio yangu yalipita kwa sababu niliyaandika mimi, kutokana na nilivyoelewa mimi. Ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani mwenyewe.

Kilichoniuma siyo hilo. Kilichoniuma ni kwamba shangazi hakusema. Mjukuu wake alikuwa amepangiwa kidato cha tano shule ya mbali, anatakiwa godoro, sanduku, nauli, sare. Hela ikapungua. Akauza gunia tatu za mpunga kwa bei ya kutupa, na mtoto akaripoti shule wiki tatu baada ya wenzake. Mimi nilikuja kujua mwezi wa kwanza, kwenye msiba, tena kwa binamu yangu, siyo kwa yeye. Nikamfuata jikoni. Nikamwambia shangazi, shikamoo, mbona hukuniambia?

"Marahaba baba. Sasa ningesema nini? Si walisema ile mashine umeitengeneza wewe? Nikajua mimi ndiye sikuelewa hesabu."

Daah. Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu.

Tulipopekua kumbukumbu tukakuta wapo wengine kadhaa wenye shamba zaidi ya moja, wote wamekatwa vilevile, na karibu wote wamenyamaza. Hela zikarudishwa, nyingine na chama, nyingine na mimi. Chama kikaamua programu iandikwe upya, na safari hii ifanywe na vijana wa hukuhuku ili ikiharibika asisubiriwe mtu wa Dar. Wakapatikana vijana sita wa bondeni, mabinti wawili na wavulana wanne, wote wamepita vyuo na wanaandika programu vizuri tu. Mimi nikaambiwa nikawafundishe namna ya kufanya kazi ili lile lisijirudie.

Namna yenyewe ipo, na wala siyo ya kwangu. Inaitwa BDD, kwa Kiswahili changu cha kuunga ni uundaji wa programu unaoongozwa na tabia. Hili neno tabia lilinipa shida kidogo. Tangazo lilipobandikwa ofisini kwamba kutakuwa na mafunzo ya tabia kwa vijana, mzee mmoja wa kanisa alikuja kunishika mkono kunipongeza, akasema vijana wa siku hizi kweli wameharibika. Sikumkatisha tamaa.

Tabia inayozungumzwa hapa ni ya programu: ikifanyiwa hivi, inafanyaje? Aliyeanzisha ni Mwingereza anaitwa Dan North. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa anafundisha watu wa programu kuandika majaribio kabla ya kodi, na kila alipokwenda akakuta maswali ni yaleyale. Nianzie wapi? Nipime nini, nini nisipime? Akaja kugundua kwamba lile neno "jaribio" lenyewe ndilo linawachanganya. Akiwaambia waandike sentensi ya kueleza programu inapaswa kufanya nini, mambo yanafunguka. Baadaye akishirikiana na mwenzake Chris Matts wakapata umbo la mfano lenye sehemu tatu: hali ilivyokuwa, kilichotokea, na matokeo yanayotakiwa. Mwaka 2006 akaandika makala ya kulieleza. Mwaka 2008 Mnorwe Aslak Hellesøy akatoa chombo kinaitwa Cucumber, ambacho kinasoma sentensi hizo na kuziendesha kama majaribio. Cucumber maana yake ni tango. Na lugha ya kuandikia hizo sentensi inaitwa Gherkin, ambayo ni tango la achari. Matango matupu.

Na mimi siku tatu za kwanza niliwalisha vijana matango pori.

Nilikodi projekta. Nikaandaa slaidi 90. Siku ya kwanza historia. Siku ya pili kusakinisha Cucumber, ambako kwa intaneti yetu ilichukua mpaka saa tisa alasiri, halafu umeme ukakata. (Bwawa la Kidatu la megawati 204 liko hapo jirani, lakini ndiyo hivyo, mwenye ng'ombe hanywi maziwa.) Siku ya tatu nikawapa zoezi, waandike mifano ya programu ya malipo. Wakaandika haraka sana, nikafurahi. Halafu nikaanza kusoma. Wa kwanza alikuwa ameandika hivi:

Tuseme mtumiaji yuko kwenye ukurasa wa malipo
Ikitokea amejaza kisanduku cha namba na kubonyeza kitufe cha kijani
Basi ujumbe wa "umefanikiwa" unaonekana

Wa pili vilevile, kitufe cha bluu. Sita wote ni vitufe na visanduku. Hakuna mkulima, hakuna miwa, hakuna deni. Mfano kama ule ungepita siku ambayo shangazi anakatwa mara mbili. Kitufe kingebonyezwa, ujumbe ungetokea, hela ingepotea. Kijana mmoja, ndiye mkali wao, akaninyooshea mkono: "Kaka, samahani, hii kitu inatuongezea kazi tu. Kodi tunaandika, halafu tunaandika tena na insha. Kwa nini tusiandike majaribio ya kawaida?"

Sikuwa na jibu. Yaani swali lake lilikuwa sahihi kabisa kwa namna niliyokuwa nimewafundisha. Nilikuwa nimewafundisha chombo. Huyo Hellesøy mwenyewe aliwahi kuandika mwaka 2014 akilalamika kwamba chombo chake kinaeleweka vibaya kuliko vyote. Yeye alikitengeneza watu wazungumze, wenzake wamekifanya cha kupimia tu. Niliisoma ile makala zamani, nikatikisa kichwa kukubali, halafu nikaja Sanje nikafanya yaleyale.

Usiku ule nilikwenda kula kwa shangazi. Nikamwambia mafunzo hayaendi. Akauliza unawafundisha nini. Nikajaribu kumweleza. Akaniambia, "Sasa hao watoto wanajua malipo yetu yanavyokwenda?" Nikasema hawajui bado. "Sasa wanaandika nini?"

Nitachepuka kidogo. Kuna nyani mmoja, mangabei wa Sanje, anayeishi kwenye misitu ya Udzungwa tu, dunia nzima hayupo kwingine. Wanasayansi walikuja kumjua mwaka 1979. 1979 wadau! Wazee wa hapa walikuwa wanamfahamu siku zote, wanajua na sauti yake, ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Siku ya nne nikawaambia vijana laptopu ziachwe nyumbani. Tukanunua manila za rangi nne dukani, tukazikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Mpangilio huu nao siyo wangu, ni wa jamaa mmoja Matt Wynne, aliueleza mwaka 2015: kadi ya njano unaandika jambo lenyewe mnalozungumzia, bluu unaandika kanuni, kijani unaandika mfano wa kanuni hiyo, nyekundu unaandika swali ambalo hakuna aliyepo mezani anayeweza kulijibu. Dakika 25, mnaacha. Tukaweka benchi chini ya mwembe nje ya ofisi ya chama. Tukamkalisha mama karani, mweka hazina, na shangazi.

Nikawapa masharti mawili tu. La kwanza, neno "mtumiaji" marufuku. Useme ni nani, mkulima, karani au dereva wa trela. La pili, ukitoa kanuni bila tarakimu, hujasema kitu.

Kadi ya njano ikaandikwa: kukata deni la mbolea. Mama karani akatoa kanuni ileile, na maneno yaleyale aliyonipa mimi: deni linakatwa kwenye malipo ya kwanza. Binti mmoja, mpole, ambaye siku tatu zote hakufungua mdomo, akauliza, "Mama, nipe mfano. Mkulima anadaiwa 180,000, trela la kwanza limempa 150,000. Tunakata ngapi?"

Mama karani akasema tunakata yote 150,000, inayobaki 30,000 trela linalofuata. Mweka hazina akageuka. "Hapana, hatukati yote. Mkulima hawezi kuondoka mikono mitupu, tunakata nusu." Mama karani: "Tangu lini?" Mweka hazina: "Tangu mkutano wa mwaka juzi." Mama karani: "Mimi hakuna aliyeniambia."

Wadau, palinyamaza. Shangazi akaguna tu, mnajua ile guno ya mama wa makamo. Watu wawili wa ofisi moja, meza zinatazamana, misimu miwili kila mmoja anakata kwa namna yake. Hakuna programu duniani ingeligundua hilo, ningeandika majaribio elfu. Kadi nyekundu ya kwanza ikawekwa mezani. Mpaka dakika 25 zinaisha tulikuwa na kadi bluu tatu, za kijani tano, na nyekundu tisa. Mkulima akifariki katikati ya msimu deni linakwenda kwa nani? Miwa iliyoungua kwa bahati mbaya na kuchelewa kufika kiwandani, sukrosi imeshuka, hela haitoshi hata usafiri: deni linasogezwa mwakani au linaongezewa riba? Mashamba mawili jina moja? Shamba moja, ndugu wawili?

Yule mkali, aliyesema tunaandika insha, ndiye aliyeandika nyekundu nyingi kuliko wote. Wakati tunakusanya kadi akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mi jana nilikuwa nimeshaandika kodi ya hiyo kanuni. Nimeiweka ya kukata yote." Nikamwambia hata mimi.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo ratiba. Asubuhi chini ya mwembe, nusu saa, kadi. Mchana vijana wanageuza kadi za kijani kuwa sentensi. Jioni mmoja wao anamsomea mama karani kwa sauti. Hii ya kusoma kwa sauti ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko zote, na sijaisoma popote, tuliipata kwa sababu mama karani alikuwa amesahau miwani. Mama akikunja uso, sentensi ni mbaya. Akisema "eeh, ndivyo", imepita. Akianza kuuliza "hiki kitufe ni cha nini?", ujue kijana amerudia ugonjwa wa siku ya tatu. Mfano wa mashamba mawili uliandikwa na yule binti mpole, na huu hapa kama ulivyosomwa:

Tuseme mama ana mashamba mawili, la mtoni na la mlimani, na anadaiwa mbolea 180,000
Ikitokea miwa ya mtoni imelipwa na deni lote limekatwa
Basi miwa ya mlimani ikilipwa, hakatwi hata senti ya mbolea

Mistari mitatu. Ningekuwa nayo mimi ile siku niliyokaa na karani nusu saa, mtoto angeripoti shule na wenzake.

Cucumber tulikirudia wiki ya pili, na hapo ndipo nilipoona tofauti. Nilipowaonyesha chombo kabla hawana kitu cha kusema, waliandika vitufe. Nilipowaonyesha wakiwa na sentensi wanazozijali, walinikimbilia wenyewe: kaka, hii tunaiendeshaje? Niliwataka kila sentensi waiendeshe kwanza kabla ya kuandika kodi yoyote, waione nyekundu, wajue kabisa kwamba ikigeuka kijani imegeuka kwa sababu. Mmoja akapata kijani bila kuandika kitu, akashangilia. Tukachunguza, kumbe alikuwa amekosea mpaka jaribio lenyewe halikuwa linapima chochote. Akachekwa mpaka Ijumaa.

Ila nisiwadanganye. Siyo kila sentensi tuliiunganisha na Cucumber. Zile za kuunganisha zinataka matunzo. Ukibadilisha neno moja huku, kule kunavunjika, na vijana sita hawana muda wa kubembeleza matango. Hesabu za sukrosi na tani tuliziandikia majaribio ya kawaida, kama yule mkali alivyotaka tangu mwanzo. Zilizobaki kwenye sentensi ni zile tu ambazo mama karani au mkulima anaweza kuzibishia. Kuna watu wa fani yangu watakaoniambia nimekiuka. Waje Sanje, nauli siyo kubwa.

Na kuna siku tulishindwa. Ile ya mkulima aliyefariki, kadi nyekundu ilikaa mezani wiki tano. Mwenyekiti alikuwa hataki kuigusa kwa sababu kuna mjane mmoja kijijini ambaye tayari alikuwa amekatwa deni la marehemu, na kuliandika jibu ni kukubali kwamba alionewa au kukubali kwamba wengine watakatwa kama yeye. Vijana wakaniuliza tuandike nini. Nikawaambia msiandike kitu, programu ikifika hapo isimame na iseme "ulizeni kamati". Mpaka ninavyoandika hapa bado inasimama.

Malipo ya kwanza ya programu mpya yalitoka mwezi wa saba. Nilikuwepo. Shangazi alikuja na kanga yake mpya, kakaa kwenye benchi lilelile, wakamchapia karatasi yake ya shamba la mtoni. Akaishika mbali na macho, akasoma mstari kwa mstari, kidole kinafuata. Safari hii hakunyamaza. Akamwita yule binti mpole.

"Mwanangu, hapa mmeandika nimebakiwa na deni sifuri."

"Ndiyo shangazi, umemaliza."

"Haya. Na kama mwakani nikikopa mifuko ya mbolea halafu nikairudisha miwili sijaitumia?"

Binti akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mweka hazina. Mweka hazina akamtazama mama karani, na mama karani akavuta droo, akatoa kipande cha manila nyekundu.